Kandambili, Msasa na Mlango wa Mjomba

Baiskeli yangu haikuwa na breki. Mimi nilijua, mama alijua, na watoto wote wa Ngamiani walijua, maana nilikuwa nasimama kwa kuburuza kandambili chini. Tanga ni mji wa baiskeli, na mtoto wa miaka 11 anayesimama kwa kandambili hakuwa habari kwa mtu yeyote. Mpaka siku moja ya mwaka 1998 kandambili ya kulia ilipochomoka mkanda nikiwa kwenye mwendo.

Gari la Mjomba, Corolla ya bluu iliyokolea, lilikuwa limeegeshwa chini ya mkungu mbele ya nyumba. Wanangu, sikuligonga. Nililipita tu. Tatizo ni kwamba usukani wa baiskeli yangu ulishapoteza raba zamani, likabaki bomba tupu la chuma, na hilo bomba lililipita gari kwa ukaribu kupita kiasi. Mnaijua sauti ya kucha kwenye ubao wa darasani? Basi ile ile.

Niliporudi kutazama, mlango wa nyuma upande wa kushoto ulikuwa na mstari mweupe mrefu kama mkono wangu, kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Nikalowesha kidole kwa mate, nikaupitisha juu ya mstari. Karibu mstari wote ukapotea! Niliruka kwa furaha. Nikasimama pale najipongeza, upepo wa bahari ukapita, mate yakakauka, na mstari ukarudi taratibu kama mtu aliyekwenda dukani.

Hapo ndipo nikafanya jambo ambalo nawaomba msilifanye. Nikaingia jikoni, nikachukua stilwaya ya mama ya kusugulia masufuria, nikachota na majivu kidogo. Sufuria lenye masizi linang'aa kwa stilwaya, kwa nini mlango usingʼae? Nikasugua kwa nguvu zangu zote. Nilipomaliza, mstari ulikuwepo bado, na kuuzunguka kulikuwa na doa la ukungu lenye upana wa sahani ya wali.

Mjomba alifika saa kumi jioni.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba." Akaliangalia doa. Akaniangalia. Akanusa hewa kidogo. "Nani kapika ugali kwenye mlango wangu?"

Sikujibu. Nilitegemea fimbo. Mjomba, kabla ya kupata ajira bandarini, aliwahi kufanya kazi kwenye gereji ya bodi, na watu waliowahi kusugua magari ya wenzao kwa mikono yao wana subira ambayo wengine hawana. Akasema, "Umelikwaruza wewe, utalingʼarisha wewe. Kesho asubuhi, jua halijapanda. Na ile kandambili iliyokatika usiitupe."

Asubuhi tuliliosha kwanza, kuanzia juu kwenda chini, kwa sabuni ya maji na maji mengi. Mjomba alikuwa mkali zaidi kwenye hili kuliko alivyokuwa kwenye kosa lenyewe. Gari lililokaa njiani lina mchanga mwembamba juu yake, na ukilifuta kavu kwa kitambaa unakuwa umelisugua kwa mchanga. Ile mikwaruzo midogo ya duaraduara mnayoiona kwenye magari meusi yakiwa juani, mingi haikuletwa na ajali. Imeletwa na matambara ya waosha magari.

Halafu akachuchumaa, akanifundisha kitu ambacho mpaka leo nikilitazama gari lolote nakikumbuka.

Chini kabisa kuna bati. Juu ya bati kuna praima, ambayo kazi yake ni kulishika bati lisipate kutu na kuishika rangi isibanduke. Juu ya praima ndiyo rangi yenyewe, bluu au nyekundu au utakavyo. Na juu ya rangi kuna tabaka moja zaidi ambalo mafundi wanaliita kliya: halina rangi, linapitisha mwanga kama kioo, na ndilo linalolifanya gari limetemete. (Magari mengine, hasa ya zamani na meupe, hayana kliya. Ukilisugua kidogo kitambaa kikatoka na rangi, ujue ndilo hilo.)

Sasa sikilizeni unene. Milimita moja ina maikroni 1,000. Matabaka yote yale, praima, rangi na kliya kwa pamoja, kwa kawaida ni kama maikroni 100 hadi 150 tu. Karatasi moja ya daftari lako ina kama 100. Kliya peke yake ni kama 40 au 50, na unywele wa kichwani kwako mara nyingi unafika 70. Kwa hiyo kinachofanya gari la mamilioni lingʼae ni chembamba kuliko unywele. Na mimi nilikiendea kwa stilwaya.

"Mbona mstari ni mweupe na gari ni la bluu?" nikauliza.

Mjomba hakujibu kwa maneno. Aliingia ndani akatoka na kipande cha chupa ambacho binti yake alikiokota ufukweni, kile kilichosuguliwa na mchanga wa bahari miaka mingi mpaka kikawa na ukungu. Akakichovya kwenye ndoo. Kikawa safi, unaona vidole vyake upande wa pili. Akakiacha kikauke. Ukungu ukarudi.

Kioo laini kinaupitisha mwanga moja kwa moja. Kikikwaruzwa, kila kijimfereji kinautawanya mwanga huku na kule, na jicho linaona weupe. Maji yakijaza mifereji, mwanga unapita tena vizuri. Mate yangu yalifanya hivyohivyo. Hayakuondoa kitu, yaliuficha mkwaruzo mpaka yalipokauka. Siku hizi nikiwa kwenye foleni Dar es Salaam na kijana akanijia na chupa ya dawa ya kuondoa mikwaruzo, akanipakia kidogo mlangoni na alama ikapotea mbele ya macho yangu, huwa namwambia, "Haya, tusubiri ikauke." Taa zikiwaka kijani anaondoka.

Lakini mate yana kazi moja ya kweli. Mkwaruzo ukipotea ukiulowesha, maana yake uko ndani ya kliya na haujafika kwenye rangi. Huo unatibika nyumbani. Kipimo cha pili ni kucha: ipitishe taratibu ukiukata mkwaruzo. Ikiteleza, vizuri. Ikinasa, mkwaruzo ni wa kina. Mstari wangu ulikuwa na sehemu zote mbili. Kucha iliteleza karibu mstari mzima, ikaja kunasa mwishoni karibu na kitasa, urefu wa kama kijiti cha kiberiti. Pale ilionekana praima ya kijivu.

"Sasa," Mjomba akasema, "dawati lako la shule likichorwa na msumari, seremala anafanya nini?"

"Anapiga randa."

"Randa inajaza shimo?"

Nikafikiri. Haijazi. Randa inaondoa mbao ya pembeni mpaka uso mzima ushuke ufikie kwenye kina cha mchoro. Na gari ni hivyohivyo. Mkwaruzo ni mahali palipotoka kitu, na huwezi kukifuta kitu ambacho hakipo. Unachofanya ni kuishusha kliya ya jirani. Ndiyo maana kila unapongʼarisha gari, unalipunguza. Kazi hii unaweza kuirudia mara chache, huwezi kuirudia kila Jumapili.

Randa yetu ilikuwa msasa wa maji, namba 2000. Msasa unasomwa kinyume na mnavyotarajia: namba ikipanda, punje zinakuwa ndogo. Punje za msasa namba 80 ni kama maikroni 200, na hizo zingekwenda hadi kwenye bati kwa kupita mara chache. Za namba 2000 ni kama maikroni 10. Mjomba alikata kipande kidogo, akakilaza kwenye maji ya sabuni wakati sisi tunakunywa chai. Kisha akachukua ile kandambili yangu, akakata kipande cha soli chenye ukubwa wa kiberiti, akakizungushia msasa. Ukibonyeza msasa kwa vidole, vidole vinachimba mifereji. Soli inasambaza nguvu sawasawa. Akabandika tepu ya karatasi kuzunguka sehemu ya kazi, na hasa kwenye ukingo wa mlango, maana kwenye kingo na kona rangi huwa nyembamba na huisha haraka.

Akanipa. "Kama unampapasa mtoto anayelala," alisema.

Nikasugua. Maji yakatoka meupe kama tui jepesi. Hiyo ilikuwa kliya ikitoka, na weupe ule ni habari njema. Mjomba alinionya kwamba yakigeuka bluu hata kidogo niache palepale, kwa sababu nimeshaipita kliya na hakuna kampaundi duniani itakayoirudisha. Kila baada ya mapito matano au sita nilifuta, nikakausha, nikatazama. Mstari ulikonda, ukawa uzi, ukaisha. Kumbe na doa la stilwaya nalo lilikuwa linaisha.

Ila mlango sasa ulikuwa umefifia kabisa, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Nilitaka kulia. Mjomba akacheka, akasema jambo ambalo naona ndilo kiini cha ufundi wote huu: kungʼarisha ni kukwaruza. Stilwaya yangu ilikwaruza mikwaruzo mikubwa. Msasa wa 2000 umekwaruza midogo badala ya ile mikubwa. Msasa wa 3000 utakwaruza midogo zaidi. Kampaundi, ile krimu nzito yenye punje laini sana, itakwaruza midogo kuliko hapo, na polishi midogo tena, mpaka ifikie udogo ambao mwanga unapita bila kutawanyika na jicho halioni chochote. Ukiruka hatua, mikwaruzo ya hatua uliyoiruka inabaki.

Ndiyo maana pia dawa ya meno husaidia kidogo. Ina punje laini za kusugulia meno, na alama ndogo sana za juujuu inaweza kuzipunguza. Haifui dafu kwa mkwaruzo uliohitaji msasa, na ukipaka tyubu nzima utaishia na gari linalonukia mnanaa.

Baada ya ule msasa wa 3000 tulipaka kampaundi kwa fulana kuukuu ya pamba, safi, isiyo na vifungo wala mshono mgumu, tukizungusha mduara kwa mduara. Kwa mkono inachosha. Mabega yaliniuma mpaka siku ya tatu. Kazi hii tuliifanyia kivulini na mlango ukiwa wa baridi, kwa kuwa juani kampaundi hukauka kabla haijafanya kazi. Polishi ikafuata, na mwisho nta, ambayo haiondoi mkwaruzo wowote ila inaikinga kazi uliyoifanya.

Ikabaki ile sehemu ya karibu na kitasa. Hiyo haikuwa ya msasa, na msiiguse kwa msasa. Kitu kilichofika kwenye praima kinahitaji kuongezewa rangi, na Tanga, kwa hewa ile ya chumvi, ukiacha bati wazi kutu haichelewi. Mjomba alifungua boneti, akanionyesha kibati kidogo chenye maandishi, akasoma namba ya rangi. Magari mengi ya Toyota yanayo, kwenye mstari ulioandikwa C/TR au COLOR. Kwa mfano 040 ni nyeupe na 202 ni nyeusi. Ukiwa na namba hiyo, duka la rangi za magari linakuchanganyia chupa ndogo, na huna haja ya kukisia bluu ipi kati ya bluu mia. Tulitia kwa ncha ya kijiti cha kiberiti, tone jembamba, tukaacha likauke, tukaongeza jingine, siku mbili nzima, na mwisho kliya.

Kwa mbali huoni kitu. Ukisogea na ukijua pa kutazama, unauona mstari mfupi uliovimba kidogo, kama kovu la chanjo begani. Mjomba alikaa na gari lile miaka mingi baadaye na hakuwahi kulipeleka kwa fundi kwa ajili ya kovu hilo. Baiskeli yangu ilitiwa breki Jumatatu iliyofuata, za mbele na za nyuma, kwa pesa yake.