Tumbawe si Jiwe: Misingi ya Kutunza Matumbawe katika Tangi la Nyumbani

Utangulizi

Sarufi ya Kiswahili sanifu huwapa wanyama upatanisho wa a-wa hata pale ambapo maumbo ya nomino ni ya ngeli nyingine. Ndiposa husemwa 'kiboko huyu' na 'kipepeo yule'. Tumbawe halikutunukiwa heshima hiyo. Husemwa 'tumbawe hili' na 'matumbawe haya', sawa na jiwe na mawe. Jambo hili halishangazi, kwani Waswahili wamelijua tumbawe kwa karne nyingi kama kifaa cha kujengea majumba na kuchomea chokaa. Hata hivyo, kibayolojia tumbawe ni mnyama, na anayelifuga katika tangi la kioo akidhani ni pambo la mawe hulipoteza. Makala haya yanaeleza mahitaji ya kiumbe huyo.

Maumbile ya tumbawe

Tumbawe ni kundi la wanyama wadogo waitwao polipu. Kila polipu ana mdomo mmoja uliozungukwa na minyiri. Aghalabu, ndani ya nyama zake huishi mwani mdogo usioonekana kwa macho. Mwani huo hutumia mwanga kutengeneza chakula na kumgawia mwenyeji wake sehemu kubwa. Mwenyeji naye huupa hifadhi. Maji yakizidi joto, ujirani huo huvunjika. Mwani hutoka, tumbawe hugeuka jeupe, na lisipopata nafuu hufa. Hivyo ndivyo matumbawe mengi ya pwani ya Kenya yalivyoangamia mwaka 1998, bahari ilipopata joto lisilo la kawaida. Tangi dogo linaweza kufikia joto kama hilo kwa alasiri moja tu.

Maji

Haraka haraka haina baraka. Tangi jipya halifai kutiwa tumbawe siku linapojazwa. Uchafu wa viumbe huzalisha amonia, ambayo ni sumu. Bakteria huigeuza kuwa naitriti, ambayo pia ni sumu, kisha kuwa naitreti, yenye madhara madogo zaidi. Kwa kawaida bakteria hao huhitaji wiki 4 hadi 6 ili wawe wengi wa kutosha. Vipimo vya amonia na naitriti vikiwa sufuri, ndipo tumbawe hupokelewa.

Baada ya hapo, joto lidumishwe kati ya nyuzi 24 na 27 za Selsiasi, na chumvi iwe takriban gramu 35 kwa kila kilo ya maji. La msingi zaidi ni uthabiti, kwa kuwa mabadiliko ya ghafla hudhuru kuliko kipimo kilichokosewa kidogo. Ikumbukwe kuwa maji yanapogeuka mvuke, chumvi hubaki. Kwa hivyo, pengo hujazwa kwa maji baridi yaliyosafishwa, si kwa maji ya chumvi. Fauka ya hayo, ni desturi nzuri kubadilisha takriban asilimia 10 ya maji kila wiki, kwa maji mapya yenye joto na chumvi sawa na ya tangini.

Mwanga na mkondo

Taa huwashwa kwa saa 8 hadi 10 kwa siku. Tumbawe geni huwekwa chini, mbali na taa, kisha hupandishwa polepole kwa muda wa wiki kadhaa, kwani mwanga mkali wa ghafla huliunguza. Mkondo nao huliletea chakula na kuliondolea utando na taka. Hata hivyo, pampu isilielekee moja kwa moja. Mkondo unaobadilikabadilika ndio unaofanana na wa baharini.

Uteuzi

Anayeanza hushauriwa kuchagua matumbawe yasiyojenga kiunzi kigumu cha chokaa, kama vile Discosoma, lenye umbo la uyoga, na Sarcophyton, lenye mwili kama ngozi. Yaachiwe nafasi kati yake, kwa sababu matumbawe hupigana kwa miiba ya sumu na kemikali. Tahadhari kubwa ichukuliwe kwa jamii ya Palythoa, ambayo baadhi ya spishi zake zina sumu inayoweza kumwua binadamu. Glavu na miwani ya kinga zivaliwe, na mawe yaliyoota viumbe hao yasichemshwe kamwe, kwa maana mvuke wake ni hatari.

Hitimisho

Tumbawe lililong'olewa mwambani ni hasara ya bahari nzima, kwa kuwa samaki wengi hutegemea mwamba huo kwa makao na malisho. Mfugaji mwadilifu hununua vipandikizi vilivyokatwa kutoka kwa matumbawe yaliyokuzwa matangini. Kipande kidogo kikitunzwa vyema hukua kikawa kundi zima, nacho kikaweza kukatwa na kugawiwa wengine. Sarufi inaweza kuendelea kusema 'tumbawe hili'. Mtunzaji naye, kila anapopima maji yake, hana budi kukumbuka kwamba anamhudumia 'mnyama huyu'.