Ujumbe wa Simu Hauna Uso

Kolwezi ni mji wa watu waliotoka kila upande. Tangu miaka ya 1920 kampuni ya Union Minière ilileta Katanga wafanyakazi kutoka Kasai, Rwanda, Burundi na hata Zambia ya leo. Walikaa pamoja katika kambi za kampuni, wakazungumza Kiswahili, wakazoea kutaniana. Huyu anacheka chakula cha kabila la mwenzake, yule anajibu kwa ubahili wa wajomba wa huyu. Kisha bukari inaletwa, na wote wananawa mikono katika beseni moja.

Utani huo una masharti yake: mtani lazima akuone. Akiona uso wako umebadilika, anarudi nyuma, anakushika mkono, anakuita "yaya" au "mukubwa", na neno linaishia hapo. Ni uso, sauti na ule mkono vinavyozuia mzaha usiwe tusi.

Sasa tuyatie maneno yaleyale katika simu. Mchimbaji wa Kasulo anamrekodia rafiki yake mzaha. Rafiki anacheka, anaupeleka kwenye kikundi cha WhatsApp, na kutoka hapo unafika Likasi, Lubumbashi, Mbuji-Mayi, kwa watu wasiomjua aliyesema wala aliyeambiwa. Kicheko kimebaki Kasulo. Kilichosafiri ni tusi la kabila, na hakuna wa kumshika mtu mkono.

Kwetu jambo hili si dogo. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika miji ya Katanga, Likasi na Kolwezi ikiwamo. Maelfu walilala kwenye stesheni wakingojea treni, na wengi walikufa. Wakati ule mitaani hakukuwa na simu za mkononi. Hotuba za wanasiasa zilitosha. Basi tusiseme kwamba simu ndiyo inayozaa chuki. (Mimi mwenyewe siilaumu: bila simu, mama aliyeko Kasaji angengoja barua ya mwanawe mwezi mzima.) Inachofanya ni kuliondoa neno kwa mwenye nalo na kulipeleka mbali, bila sauti ya kulipoza.

Serikali ilijaribu dawa yake, kuzima. Baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018, intaneti ilikatwa nchini kwa karibu siku 20. Kwa maoni yangu ni dawa mbaya, kwani ilimzuia pia yule aliyetaka kuuliza kama alichosikia ni kweli.

Afadhali tuangalie desturi ya kilio. Katika familia nyingi, habari ya kifo hupelekwa na mtu mzima. Anafika, anaketi, anaulizwa habari za huko atokako, na ndipo anasema. Siku hizi picha ya marehemu inaonekana kwenye simu kabla mjomba hajafunga viatu.

Katika mafarakano ya mitaani, swali letu la kwanza ni hili: mmeonana? Mara nyingi jibu ni hapana. Wameandikiana wiki nzima, na kati yao ni barabara moja tu. Hapo tunawatafutia viti na kivuli cha mwembe, simu zinakaa mfukoni, na aliyetuma ile sauti anaombwa aiseme upya mbele ya aliyeumizwa. Wengi hawafiki katikati.