Je, wajua? Mboga pwani hunawiri kwa chumvi

Juu kidogo ya pale maji ya bamvua yanapoishia, katika pwani ya Mtwara kuanzia Mikindani hadi maingilio ya Mto Ruvuma, kuna mmea mfupi ambao wengi huukanyaga bila kuutazama. Mashina yake hutambaa mchangani, mengi yakiwa na wekundu. Majani ni manene, yanang'aa, yamekaa mawili mawili. Huo ndio mboga pwani, na kwa mwenye nyumba karibu na bahari sijui mmea wa kufunika ardhi unaomfaa kuushinda.

Anayelima ua wake huku anajua shida ilivyo. Mchanga haushiki maji. Mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, kisha kiangazi kirefu. Kusi inapovuma huja na manyunyu ya chumvi, na visima vingi vya karibu na ufuo huwa na maji ya chumvichumvi. Maua yaliyonunuliwa kwenye vitalu huanza kukauka ncha za majani, na mwenyewe hudhani ameyanyima maji. Akizidisha maji ya kisima kile kile, ndiyo anayamaliza.

Mboga pwani hufuata njia nyingine. Mimea mingi hujaribu kuizuia chumvi isiingie. Huu huiingiza kwa wingi. Mizizi huvuta sodiamu, nayo hupandishwa hadi kwenye majani na kufungiwa ndani ya vakuoli, kile kifuko kikubwa kilicho katikati ya seli, ambako haidhuru kazi nyingine. Chumvi ikishajaa humo, maji huifuata, na jani hunenepa. Sehemu iliyobaki ya seli hujilinda kwa kutengeneza prolini na kemikali nyingine za kusawazisha mvuto huo wa maji. Ndiyo maana katika majaribio mmea huu hukua vizuri zaidi ukipewa chumvi ya kiasi kuliko ukipewa maji matamu matupu, na huweza kuishi hata kwenye chumvi inayozidi ile ya bahari, ambayo ni takriban gramu 35 kwa lita.

Kwa kuwa chumvi hubaki majanini, anayevuna majani huiondoa ardhini. Watafiti wa Tunisia walilijaribu jambo hili kwenye vyungu vya udongo waliouwekea chumvi, wakachapisha matokeo yao mwaka 2010: kwa hesabu yao, mmea ulikusanya takriban tani 1 ya sodiamu kwa hekta, na shayiri iliyopandwa baadaye kwenye udongo ule haikudhurika sana kama kwenye udongo usiosafishwa. Mimi naona hilo ni jambo kubwa kwa mtu ambaye kiwanja chake kimewahi kuingiwa na maji ya bahari.

Kuupanda ni kazi nyepesi. Kata vipande vya shina vya urefu wa kiganja, fukia vifundo viwili, acha ncha nje, na uviachanishe kama sentimita 30. Mwagilia mpaka vishike, baada ya hapo punguza. Kila kifundo kinachogusa ardhi hutoa mizizi, hivyo hata mchanga ukiufukia mmea huchipua juu yake, na ndivyo unavyoushikilia mchanga usipeperuke. Vipande viombe kwa jirani aliyekwisha kupanda, usiende kung'oa ufukweni. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 650, imekusudiwa kulinda mazingira ya pwani hii, na mitambaazi ya ufuoni ni sehemu ya kinga ya fukwe zake.

Uupe jua la kutosha. Chini ya mwembe hurefuka na kudhoofika. Wala usiupande pale watoto wanapochezea mpira, kwa sababu majani yake hupondeka. Hapo ukoka ndio mahali pake.

Maua yana siri yake. Ni madogo, ya rangi ya waridi, na hufunguka kwa saa chache tu za mchana. Yale yanayoonekana kama petali si petali: ni sepali zenye waridi kwa ndani na kijani kwa nje, kwa hiyo ua likijifunga hupotelea ndani ya majani. Mwaka 1753 Carl Linnaeus wa Sweden aliuweka mmea huu katika jenasi ya Portulaca, na mwaka 1759 akauhamisha na kuupa jina linalotumika mpaka leo, Sesuvium portulacastrum.

Na ni mboga kweli. Ufilipino huuita dampalit na huutia kwenye siki kama achari. Kwetu chukua ncha changa, chemsha, mwaga maji, na ikibidi rudia mara ya pili ili chumvi ipungue. Kisha pika kwa kitunguu, nyanya na tui la nazi, bila kutia chumvi nyingine kabla hujaonja. Mwenye presha ale kidogo, maana hata baada ya kuchemshwa majani hubaki na sodiamu.