Galaksi ya Sombrero: Mstari wa Vumbi Unaohitaji Giza na Subira

Katika wiki za mwanzo za Juni, mvua zikiwa zimekatika kusini mwa Tanzania, galaksi ya Sombrero hupita karibu kabisa na utosi wa anga la Songea mnamo saa 2 usiku. Mtazamaji wa London huiona ikiwa chini ya digrii 30 kutoka upeo wa macho, ambako nuru hupenya hewa nzito zaidi.

Galaksi hiyo iligunduliwa na Mfaransa Pierre Méchain mwaka 1781 katika kundinyota la Mashuke, umbali wa takribani miaka ya nuru milioni 30. Ina umbo la sahani, nasi tunaitazama karibu ubavuni, kwa mwinamo wa takribani digrii 6 tu. Vumbi lililo kwenye ukingo wa sahani hiyo huzuia nuru ya nyota za nyuma yake na kuchora mstari mweusi. Vumbi la namna hiyo ndilo linaloacha mapengo meusi katika Njia Nyeupe, kwani galaksi yetu nayo tunaiona kwa ubavu, ila kutoka ndani.

Anayeitazama mara ya kwanza huenda akavunjika moyo. Darubini yenye kioo cha sentimita 10 huonesha doa la kijivu lililorefuka, lisilo na rangi. Mstari mweusi huanza kujitokeza kwa kioo cha sentimita 20 hivi, tena mbali na taa za mji, baada ya macho kuzoea giza kwa nusu saa.

Kamera hukusanya nuru ambayo jicho haliwezi kuilimbikiza. Mpiga picha huchukua, tuseme, picha 60 za dakika mbili mbili, kisha programu ya kompyuta huziunganisha. Hata hivyo, kuongeza idadi ya picha mara nne hupunguza chengachenga kwa nusu tu. Ndiyo maana wengine hurudia kazi usiku kadhaa.

Ugumu mkubwa kwa maeneo yetu ni stendi inayofuata mzunguko wa anga. Mhimili wake lazima uelekee ncha ya anga, ambayo Songea iko digrii 11 hivi juu ya upeo wa kusini, huweza kufichwa na vilima au miti, wala haina nyota angavu ya kuitambulisha. Mtumiaji hulazimika kuilenga nyota nyingine na kurekebisha stendi kidogo kidogo mpaka nyota hiyo iache kuteleza. Kazi hiyo yaweza kuchukua nusu saa au zaidi, hivyo ianze mara giza linapoingia.