Lisp na Prolog (3): Gharama ya Mkia

Wiki iliyopita tulijenga orodha. Leo tuigeuze, cha mwisho kiwe cha kwanza.

John McCarthy alipoanza kubuni Lisp huko MIT mwaka 1958, orodha aliifanya mnyororo wa visanduku, kila kimoja kikishika kitu na kuonyesha kinachofuata. Kichwa unakifikia kwa hatua moja. Kuufikia mwisho lazima upite visanduku vyote. Prolog, iliyozaliwa Marseille mwaka 1972 mikononi mwa Alain Colmerauer na Philippe Roussel, nayo hupanga orodha vivyo hivyo.

Mwanafunzi akitakiwa kugeuza orodha huandika kanuni mbili zinazosomeka vizuri mno: orodha tupu ikigeuzwa hubaki tupu; isiyo tupu, geuza mkia wake (vyote vinavyofuata kichwa), kisha unga kichwa mwishoni. Ni sahihi kabisa, na zinakwenda kwa mwendo wa kobe. Amri ya kuunga, append, kila inapoitwa huanza safari upya kutoka kichwani. Kwa vitu 30, Prolog hupiga hatua 496: kugeuza ni 31 tu, zilizobaki 465 zote ni za kuunga. Ubadhirifu huo ndio uliolifanya zoezi hili kuwa kipimo maarufu cha kasi. David Warren na wenzake walilitumia mwaka 1977 kuilinganisha Prolog na Lisp.

Dawa ni kuongeza hoja moja: orodha ya kupokelea, inayoanza ikiwa tupu. Toa kichwa, kiweke juu yake, endelea na mkia, kama mtu anayehamisha rundo la karata moja moja. Vitu 30, hatua 32, kwisha. Tena, kwa kuwa kujiita ndilo tendo la mwisho la kanuni, kumbukumbu hairundikani. (Scheme, mtoto wa Lisp, imelifanya hilo kuwa sharti, Common Lisp haikulilazimisha.)

Wengi wakitaka kasi katika Prolog hukimbilia alama ya mshangao, inayokataza kurudi nyuma kutafuta jibu jingine. Mimi huiogopa. Programu iliyojibu vyema swali moja, ukiligeuza swali huanza kuficha majibu. Afadhali utazame kwanza mpangilio wa hoja. Mifumo mingi ya Prolog huchagua kanuni kwa kuangalia hoja ya kwanza. Orodha ikikaa hapo, tupu na isiyo tupu hutengana papo hapo, na mshangao hauhitajiki.

Wiki ijayo: orodha yenye mkia ulioachwa wazi, ambayo Prolog huiunga na nyingine kwa hatua moja.