Mtoto Amerudi Nyumbani, Matibabu Bado

Wazazi wapendwa, kijana aliyejaribu kujiua akiruhusiwa kutoka hospitali, jamaa wote hushusha pumzi. Wengine husema, "Amepona, yasizungumzwe tena." Hapo ndipo tunapokosea. Mwili hutangulia kupona. Moyo hufuata polepole. Wiki na miezi ya kwanza baada ya kutoka wodini huhitaji uangalizi zaidi, kwani aliyewahi kujaribu mara moja yumo katika hatari kubwa ya kujaribu tena.

Kwanza, mwili. Katika mkoa wetu wa Katavi tunalima tumbaku, pamba na mpunga, na dawa za wadudu zimo majumbani. Aliyemeza dawa hizo aweza kuonekana mzima, kisha baada ya siku 1 hadi 4 misuli ya shingo na ya kupumua ikalegea. Kwa hiyo msimtoroshe wodini kwa sababu tu ameomba uji. Akiruhusiwa, apate chakula na usingizi wa kutosha, na arudi kliniki tarehe aliyopangiwa.

Pili, moyo. Kijana huona aibu, hukosa usingizi, hukasirika upesi. Huo si ukaidi. Msimwulize, "Kwa nini umetuaibisha?" Mwambieni, "Tunafurahi kuwa nawe." Mwulizeni wazi kama mawazo ya kujiua yanamrudia. Swali hilo halimpandikizii mawazo mapya. Humfungulia mlango wa kusema. Akijibu ndiyo, msimwache peke yake, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Dawa za shamba na vidonge vyote vifungiwe, ufunguo akae nao mtu mzima mmoja. Shuleni awepo mwalimu anayemwamini, anayejua habari zake. Kama kilichomsukuma ni kipigo, mimba, kufeli au kulazimishwa kuolewa, jambo hilo lishughulikiwe. Kidonda hakifungwi na usaha ndani.

Majirani, acheni kunong'ona. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, namba 2282, inakiri kwamba uchungu mzito wa nafsi na hofu kubwa vyaweza kupunguza wajibu wa mtu kwa tendo hilo. Basi sisi ni nani tumhukumu mtoto?

Kupona kwake mtakuona katika mambo madogo: amemaliza sahani, amecheka na mdogo wake, ameanza kutaja habari za kesho. Mkiyaona hayo, shukuruni, na mwendelee kukaa karibu naye.