Mmelia si Mwarobaini

Katika uwanda wa kati, Dodoma hadi Kondoa na Kolo, majani ya mwarobaini huchemshwa kuwa dawa. Mti huo unao ndugu wa mapambo, mmelia (Melia azedarach), ambao Waingereza huuita lailaki ya Uajemi kwa maua yake ya zambarau hafifu. Lailaki halisi ya Ulaya haina sumu. Mmelia unayo, hasa katika matunda, nayo hudhuru tumbo na mishipa ya fahamu. Ndege huyala wasidhurike, kwa hiyo ndege si kipimo.

Mchumaji na atazame jani. La mwarobaini hugawanyika mara moja tu, vijani vikipangana kandokando ya kikonyo kimoja. La mmelia hugawanyika mara mbili au zaidi. Maua ya mwarobaini, tena, ni meupe.

Kati ya mimea itambaayo, wa kuogopwa ni mturituri, wenye mbegu nyekundu zenye doa jeusi. Mbegu nzima ikimezwa, ganda lake gumu huweza kuipitisha tumboni bila madhara. Ikitafunwa, abrini iliyomo huzuia chembe hai kutengeneza protini, na huweza kuua. Mwanafunzi atoboaye mbegu hizo kutunga shanga hujihatarisha kabla ya mvaaji.